Ncha Mbili za Kamba

Juzi huku Dongobesh nilijitolea kupima mipaka ya mashamba. Shule sikukaa sana, lakini vigingi naweza kubeba. Afisa ardhi akatuonya: msiingie shambani bila mwenyewe, msikate minyaa maana utomvu wake unapofusha, na kila mpaka majirani wote wawili wawepo.

Tukaanza na bibi mmoja na baba mmoja, jirani yake. Walikuwa hawajasalimiana tangu wagombanie mistari miwili ya mahindi pale mpakani, ambayo bibi ndiye huilima. Afisa akampa kila mmoja ncha ya kamba.

"Vuta, mama," baba akasema, macho pembeni.

"Nikivuta utasema nimevuta na shamba."

Baba akacheka mpaka kamba ikamtoka. Akaiokota, akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuwa umeificha wapi shikamoo hiyo?"

Kipimo kikaonyesha mistari ile ni ya baba. Bibi akaanza kukunja kamba.

"Umelima wewe, mama. Vuna wewe," baba akasema.

Bibi akamtazama. "Ningejua ni shamba lako, ningepalilia vibaya."

Nimejiandikisha tena. Mipaka bado mingi, na nyumbani sina burudani kama hii.