Gogo la Mrumi

Warumi nawapenda kwa jambo moja: walimshinda Mgiriki vitani, kisha wakarudi nyumbani wakaanza kumwiga bila haya. Wapo wazee wao walionung'unika kwamba vijana wataharibiwa na mambo ya Kigiriki, huku wana wa wakubwa wakifundishwa na walimu hao hao Wagiriki. Sanamu za shaba za Wagiriki wakazichonga upya kwa marumaru. Nyingi za shaba ziliyeyushwa zamani, na tunazijua leo kwa kuwa Mrumi alizipenda akaziiga.

Haya niliyasoma kwa ajili ya kazi. Karakana yetu ya marumaru iko Al Quoz, mtaa wa viwanda huku Uarabuni. Mimi ni wa kung'arisha, na rafiki yangu Mganda alikuwa akikata meza za jikoni, mpaka arbab, bosi wetu, alipompa sanamu yake ya kwanza: kijana wa Kigiriki, wa kusimama kwenye ukumbi wa hoteli. Ikivunjika, anarudi kwenye meza za jikoni.

Picha tuliyopewa ilikuwa ya nakala ya Kirumi, na kando ya mguu palikuwa na gogo. Madam wa hoteli akasema gogo linachukiza.

"Yalla, toa," arbab akamwambia rafiki yangu.

Tulipokaa kula akaninong'oneza, "Sitoi. Shaba ni tupu ndani, inasimama yenyewe. Jiwe ni zito. Bila gogo mguu unakatika, ndiyo maana Mrumi aliliweka."

"Na madam je?"

"Amelichukia kwa sababu ni baya. Nitamchongea zuri."

Nilimwogopea kwelikweli. Alichonga shina lililovikwa maganda juu ya maganda, na jani moja lililochanwa na upepo likaegemea paja la kijana. Nilipolitambua nilicheka hadi vumbi likanipalia. Ulikuwa mgomba.

Madam alipokuja aliizunguka sanamu polepole, arbab nyuma yake amenuna.

"Mtende!" akasema, uso umemchangamka. "Huu uacheni."

"Ndiyo, madam," rafiki yangu akajibu, macho chini.

Meza za jikoni sasa anakata mwingine. Juzi tulikwenda hotelini kuitazama, na nilijivunia kama vile nimeichonga mimi. Rafiki yangu hakumwangalia kijana hata kidogo. Alimpigia mama yake simu ya video, akaielekeza kwenye shina. Mama yake akapiga vigelegele, ukumbi mzima ukageuka. Yeye hakuuliza ni mti gani.