Waliokoswakoswa Mbweni

Siku yangu ya kwanza kazini katika idara ya barabara, Mkuu wa Utafiti alinikabidhi kiti cha plastiki, akanituma sokoni Darajani nikahesabu wapita njia. "Magari yana wa kuyahesabu," alisema. "Wewe, Bi Rukia, wahesabu wenye miguu na wenye baskeli. Hao hawana mtu." Nilinuna. Nimesoma nikahitimu, leo nikae juani kama muuza karanga? Lakini jioni nilirudi nshaipenda kazi, maana mji ukiutazama kwa jicho la anayevuka ni mji mwingine kabisa.

Baadaye nilipelekwa Bwejuu, kutazama wenyeji na wageni wa baskeli za kukodi wanavyogombea ukingo wa lami. Kisha Mbweni, na huko ndiko nilikojijengea jina. Barabara ilikuwa ipanuliwe, nasi tuliomba mbele ya skuli pawe na kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana la kuvukia linalomlazimisha dereva apunguze mwendo. Mhandisi Mkuu hakutaka. "Nileteeni ushahidi kwamba pana hatari," alisema. "Bila ya huo, lami inapita moja kwa moja." Na watoto wa skuli ile walikuwa wakivuka mbio, wameshikana mikono.

Tukatembeza dodoso, ile karatasi ya maswali. "Umewahi kupata ajali hapa?" Wote wakajibu, "Alhamdulillahi, sijapata." Mhandisi Mkuu akacheka. "Si unaona, Bi Rukia? Barabara salama hiyo."

Mori ulinipanda. Nikarudi Mbweni mwenyewe, nikamkuta Mzee Haji, muuza samaki kwa baskeli, ana kovu bichi gotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Mzee, goti limefanya nini?"

"Gari lilinikumba hapo, nkaangukia mtaroni."

"Mbona juzi ulisema hujapata ajali?"

Akanitazama kama niliyemwombea mabaya. "Mwanangu, aliyefikwa na ajali yake kashazikwa. Mie si huyu nnazungumza nawe? Nlikoswakoswa tu."

Kumbe kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tukiwauliza walio hai kama wameshakufa. Nikalifuta swali, nikaandika: "Umeshakoswakoswa na gari hapa?" Basi hapo midomo ilifunguka. Muuza maandazi alinionesha buibui lake lililochanwa na kioo cha gari. Mwalimu alinionesha mahali alipomvuta mwanafunzi kwa mkoba. Hata dereva mmoja alikiri kuwa pale alishawakosakosa watoto, na usingizi ukampotea.

Katika fani yetu, kukoswakoswa ni msiba uliokwisha kubisha hodi. Nilimwekea Mhandisi Mkuu majibu mezani. Aliyasoma yote, kisha akauliza, "Wote hawa wa barabara moja?"

"Naam. Wote wazima, na nataka wabaki wazima."

Akachukua kalamu, akakichora kivuko mwenyewe. Nikamwambia aongeze na njia ya baskeli. Akaongeza. Nilitoka mle ofisini kifua mbele, wala sioni haya kusema hivyo.

Sasa nimestaafu, nnaishi huko huko Mbweni. Nyinyi mnaoanza kazi hii, kabla ya kumuuliza mtu neno, jueni kwanza lina uzito gani kinywani mwake. Tangu tuta lijengwe, skuli ile haijazika mtoto kwa sababu ya barabara. Juzi nilikuwa nnavuka, dereva kijana akanipigia honi. "Bibi, fanya haraka basi."

Nikasimama katikati ya tuta, nikamgeukia. "Ngoja, baba. Hapa pangu."

Akaacha honi, akangoja.