Betri ya Antaktika ilivyookoa nywele za bibi harusi Troyeville

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imenikuta mwenyewe hapa Joburg, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi Mbongo, fundi solar, naishi Troyeville. Kuna jamaa wa Braamfontein wananipa vibarua, wanaunda mitambo ya jua na upepo ya kituo cha utafiti kule Antaktika.

Kule winter jua halichomozi kabisa. Mnategemea upepo, upepo ukigoma mnategemea betri. Betri nayo ikizima, watu wanaganda.

Kazi yangu ilikuwa kuijaribu hiyo betri kwenye baridi kali kabla haijapanda meli. Ikifeli, kibarua changu kimeota nyasi.

Sasa Joburg baridi ya Antaktika utaitoa wapi? Nikaenda kwa Papa Dieudo, Mkongomani muuza samaki, ana cold room. Nikapiga makoti mawili na blanketi juu, nikajichimbia na betri yangu katikati ya maboksi ya samaki.

Jumamosi mchana, paap! Umeme umekatika mtaa mzima. Eish.

Mlango wa pili ni saluni ya mke wa Papa Dieudo, Mama Furaha. Kitini kuna bibi harusi, nywele upande mmoja tayari, upande mwingine zimesimama wima. Kanisani wanamsubiri.

Mama Furaha akanijia, mikono kiunoni. "Fundi, uko na umeme na unatuangalia tu? Mutoto wa watu aende kanisani na kichwa nusu?"

"Mama, hii betri ni ya Antaktika."

"Antaktika kuko harusi leo?"

Wakuu, mngejibu nini hapo? Nikavuta extension.

Kufumba na kufumbua, majirani hao na chaja zao! Nilipandwa na hasira. Nikabandika masking tape kwenye soketi ya betri, nikaandika BIBI HARUSI kwa marker, mwingine asiguse.

Dryer ikaunguruma. Taa ya betri ikawa nyekundu, ikaanza kupepesa. Nikaikumbatia, nabembeleza, "vumilia mama, vumilia." Kibarua nakiona kinaondoka hivi hivi.

Ikakomaa! Bibi harusi akatoka anang'aa, vigelegele mtaa mzima.

Jumatatu kule Braamfontein boss akafungua graph ya betri. "Huu mlima ni wa nini?"

Nikasema ukweli: bibi harusi. Akarudi kwenye graph, nikaanza kuaga kazi kimoyomoyo.

Kumbe kituoni wakiyeyusha theluji wapate maji, load, yaani umeme unaovutwa, inaruka hivyo hivyo, na hilo jaribio boss na wenzake walilisahau! Betri ikapasi, ikapanda meli.

Tape nikasahau kuibandua.

Nilichojifunza: betri ikitoka salama saluni ya Wakongomani siku ya harusi, Antaktika ni matembezi tu.

Juzi kituoni wametuma email ya shukrani. Wanasayansi wazima, ndevu zina barafu, wakitaka maji wanachomeka mtambo kwenye soketi yenye ile tape, wanaambiana "washa bibi harusi". Wanauliza kama ndilo jina la kitaalamu.

Boss kawajibu ndiyo.

Haya, na wewe ambaye majirani walishakuvamia na chaja zao, shuka hapa chini tucheke wote.