Nililinganisha "matumizi mengineyo" yetu na ya Kenya, kaka akaondoka Keko

Wakuu, salaam. Mie huwaga nasoma nyuzi zenu na kupita kimya. Leo naandika kwa sababu hili ni la kweli, na bado linaniuma.

Enzi za Ujamaa nilikuwa form three, tunakaa Keko, familia ya watu wa Newala.

Nilikuwa na aibu balaa. Mwalimu akinitaja jina tu, machozi. Maneno yangu yote yaliishia kwenye diary.

Humo, kila bajeti ikisomwa, nilibandika vipande viwili vya gazeti. Kimoja chetu, kingine cha Kenya, tulicholetewa na jirani aliyeendesha lori la Namanga.

Jicho langu lilikuwa kwenye mstari mmoja: "matumizi mengineyo".

Wetu ulinenepa kila mwaka. Wa Kenya ulibaki vilevile, mwembamba.

Nikajiona nimegundua ufujaji wa taifa zima. (Msinicheke. Kipindi hicho hata sabuni ilikuwa foleni.)

Kaka yangu Hamisi alikuwa seremala. Rafiki yake alishamwita Nairobi, ila alikuwa anasita kumwacha mama. Jioni moja akanikuta nabandika.

"Msomi, na wenzetu wa kule wanatapanya hivi?"

"Hapana. Sie ndo tunazidi, kila mwaka."

"Mama, umesikia? Mtoto wa form three kashaona, mie nangoja nini?"

Mama akacheka. "Huyohuyo anayetia sukari kwenye chai mara mbili, kasahau ya kwanza?"

Akajitanda khanga, akaenda zake kwenye darasa la watu wazima. Ndo kwanza alikuwa anajifunza a, e, i, o, u kwenye mwanga wa karabai.

Haukupita muda, kaka akaondoka.

Halafu, mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa; zikabaki kupita barua tu.

Nikiwa form four nilienda maktaba mjini, nikapata vitabu vizima vya bajeti, vya kwetu na vya kwao.

Kule karibu kila kitu kilikuwa na fungu lake, hata elimu ya watu wazima. Kwetu, vilivyokosa fungu vilitiwa humohumo kwenye mengineyo. Chaki. Madaftari. Mafuta ya taa ya madarasa ya jioni.

Gazeti lilikuwa limetoa jumla tu. Na mie nililinganisha makapu mawili kwa sababu yana jina moja.

Nikarudi kumweleza mama. Nilimkuta anamwandikia kaka barua kwa mkono wake, herufi kubwakubwa, ulimi nje kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hayo mengineyo ndo mie?"

Akarudi kwenye barua yake.

Kaka alirudi baada ya mpaka kufunguliwa. Mama tulishamzika.

Mfukoni alikuwa na barua za mama, zilizochakaa kwenye mikunjo. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Hizi ulikuwa unamwandikia wewe?"

"Hapana kaka. Ni yeye mwenyewe."

Akageukia ukutani.

Wakuu, siku hizi nikiona humu mtu kashika mstari mmoja wa bajeti anatulinganisha nao na nchi nyingine, roho inaniruka. Lifungueni kapu kwanza. Pengine mama yako yumo.

Mliokuwa na ndugu upande wa pili wa mpaka ule, nanyi semeni yaliwakutaje. Nitasoma yote, hata kama aibu itanizuia kujibu.