Kumtoboa Mtu Asiyeumwa

Nilizaliwa Bihambwe, kwenye vilima vya Masisi, katika nyumba ambamo mtu alikuwa mgonjwa au hakuwa. Mgonjwa alilala, asiye mgonjwa alilima. Kundi la tatu hatukulijua. Kisha nikaolewa na seremala wa Walikale, nikashuka naye msituni hadi kambi ya mgodi wa bati alikofanya kazi. Huko nikakuta watu wasioumwa chochote wamepangwa mstari ili watobolewe vidole. Nilidhani ni adhabu, nikamuuliza mume wangu tumekosa nini.

“Hakuna kosa,” akasema. “Ni dokta tu. Anapenda damu.”

Hilo halikunituliza. Miaka hiyo watu wengi walisema Wazungu wanakusanya damu yetu na kuipeleka kwao. Ya kufanyia nini, kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna lililokuwa zuri. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa msituni, aliyekwenda misa Jumapili na siku nyingine akaongea na wazee wake waliokwisha kufa. Aliposikia habari ya sindano alitoka kijijini kwake, akaupita mstari wote, akasimama mbele ya meza.

“Dokta,” akasema, “muntu mwenye haiko mugonjwa, unamutoboa juu ya nini?”

Daktari alikuwa Mbelgiji mfupi mwenye shingo iliyoungua na jua. Alisema Kiswahili kama mtu anayepasua kuni: neno, kimya, neno. Aliweka sindano chini.

“Mama, mutoto wako akikohoa, unajua kama ni kikohozi yake ya siku zote ao ni ingine?”

“Najua. Nilimuzaa.”

“Miye sikumuzaa. Siku ya kwanza namuona, iko mugonjwa tayari. Sijui alikuwa namna gani mbele. Njo maana nataka kumuona wakati iko muzima.”

Mama mkwe alilitafuna jibu hilo. “Na damu, unapeleka wapi?”

Daktari akamwonyesha. Lilikuwa tone moja, linafyonzwa na kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Kilipokauka kidogo, daktari alikiweka kando ya mstari wa alama nyekundu zilizochapwa kwenye kadibodi, akatafuta inayofanana nacho, akaandika, kisha akakitupa ndani ya jiko. Mama mkwe alingoja mpaka akakiona kinaungua. Halafu akatoa kidole chake. Kwenye orodha ya mgodi hakuwemo, lakini alisema kama watu wanajulikana, basi na yeye ajulikane.

Zile alama nyekundu nilizielewa upesi, kwa sababu natoka kwenye nchi ya maharage. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya haragwe changa, waridi tu. Zilizofuata zilizidi kuiva, na ya mwisho ilikuwa nyekundu nzito, kama maharage yaliyolala kwenye chungu. Karatasi ya mume wangu ilifanana na ile ya mwisho. Kabla ya saa sita kambi yote ilikuwa na habari, kwa kuwa aliipeleka mwenyewe.

Karatasi yangu ilikaa karibu na waridi. Mama mkwe aliinama kuitazama.

“Huko kwenu munakula viazi tu,” akasema, bila ubaya.

Daktari alinipa vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Nilivimeza msimu mzima, nikatobolewa tena, na alama haikusogea. Alinitazama macho, ulimi na kucha. Aliniuliza kama napata kizunguzungu, na nikajibu kwamba napata nikimsikiliza mama mkwe. Nilikuwa nalima shamba la mihogo, nabeba kuni, nanyonyesha mtoto wetu wa kwanza. Misimu ilipita, akanitoboa na kunitoboa, na kila mara alama ilikuwa ileile. Mwishowe aliacha kunipa vidonge.

“Damu yako iko hivi,” akasema. “Hapa, weye uko muzima. Ukishuka chini ya hapa, unakuja mbio.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa nimeambiwa mengi juu yangu nikiumwa. Hakuna aliyewahi kuniambia nikoje nikiwa mzima.

Mume wangu hakuhitaji kuambiwa. Kila tulipopimwa alisimama juu kabisa, akaniita mwanamke wa damu ya maji, nami nikamwambia kwamba maji ndiyo yanayopika ugali. Tuliishi hivyo vizuri.

Kisha, kiangazi kimoja, alianza kulalamika juu ya mbao. Alisema siku hizi mbao ni ngumu. Akipiga randa mara chache anaegemea meza na kuikagua, kana kwamba kuna jambo analitafuta ndani yake. Akila mchana, analala. Mwili wake ulikuwa uleule na mikono ileile, na mimi nikaamini kwamba mbao ni ngumu.

Siku ya kutobolewa ilipofika tulikwenda pamoja. Daktari aliweka karatasi yake kando ya alama, akaisogeza, akaisogeza tena. Akaibeba hadi mlangoni kwenye mwanga, akarudi, akasoma kadi ya mume wangu, akaomba kidole kingine. Karatasi ya pili ikasema kama ya kwanza. Alikuwa ameshuka mpaka katikati.

“Ni muzuri tu,” mume wangu akasema. “Wanaume wote ya kambi wako hapo.”

“Wote, ndiyo. Weye, hapana.” Daktari akavuta kiti. “Choo chako iko rangi gani?”

Katika ndoa yetu jambo hilo lilikuwa halijawahi kuzungumzwa. Mume wangu alinitazama kwanza mimi, kisha ukuta.

“Bibi yangu iko hapa,” akasema.

“Namuona. Rangi gani?”

“Nyeusi.”

“Tangu wakati gani?”

“Tangu tulikula maharage.”

“Maharage tulikula mara ya mwisho mbele ya Pasaka,” nikasema. Sikutaka kumwaibisha, ila Pasaka ilikuwa imepita zamani.

Daktari alimlaza, akambonyeza tumbo mpaka akafika mahali ambapo mume wangu alisema neno la Kinyanga, lugha ya kwao, ambalo sitaliandika. Kisha akatueleza. Kulikuwa na kidonda tumboni, kinavuja damu kidogo kidogo, na damu hiyo ndiyo iliyokifanya choo kiwe cheusi. Kama angemwona mara ya kwanza siku hiyo, alisema, angemrudisha kazini, maana damu ile ingemtosha mtu mwingine yeyote. Kamyo ya mgodi ingeondoka asubuhi kwenda kwenye hospitali kubwa, naye angekaa mbele na dereva, si juu ya mizigo.

“Siwezi kesho,” mume wangu akasema. “Niko na mulango mwenye haujaisha.”

“Mulango haivuji damu,” daktari akasema.

Jioni ile alinoa randa yake polepole, akaifunga kwenye kitambaa, akanipa.

“Nikikufa, usiwape hii. Watapigia misumari.”

“Hutakufa.”

“Najua. Nasema tu juu ya randa.”

Niliishika ile randa mapajani. Ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye homa unamwona anatetemeka, unajua pa kuweka mkono. Huyu alikaa mbele yangu akiwa mnene na mzima kwa macho, na kumbe alikuwa akipungua kwa ndani.

Hospitalini walimlaza na kumpa unga mweupe ambao alisema una ladha ya ukuta. Walimkataza pilipili na pombe ya mawese. Walimwambia anywe maziwa, asubuhi na jioni, kwa muda mrefu. Walikale msituni ng'ombe ni habari inayosimuliwa tu. Kwa hiyo alipotoka nilimpandisha pamoja na watoto kwetu Bihambwe, kwa kaka yangu, ambaye jirani yake alifuga.

Kwa baridi ya huko, alipofika tu alivaa koti la kaka yangu juu ya koti lake mwenyewe. Alivitazama vilima vyetu vilivyolimwa mpaka juu.

“Miti yenu munaficha wapi?” akauliza.

Kaka yangu alimletea kikombe. “Shemeji, kunywa. Bado iko ya moto.”

“Nani aliipasha?”

“Ng'ombe.”

Mume wangu alitazama ndani ya kikombe muda mrefu, akafumba macho, akanywa. Baadaye walimpa mashanza, yale maziwa yaliyoganda, na akanivuta pembeni kuniambia kwa huruma kwamba maziwa ya kaka yangu yameoza na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikunywa hayo nayo. Wiki zilipozidi nguvu zilirudi, akaomba msumeno. Alilifanyia mlango jiko la kaka yangu, kisha nyumba ya jirani mwenye ng'ombe. Watoto wetu walijifunza Kihunde chetu chote. Yeye alijifunza maneno ya kukataa kikombe cha pili, ambayo hayakusaidia.

Tuliporudi msituni daktari alimtoboa. Alikuwa amepanda vizuri, lakini hakufika kwenye alama ya mwisho. Alibaki alama moja chini yake.

“Ongeza tone ingine,” mume wangu akasema.

“Haibadilishi.”

“Basi karatasi imepauka. Ni huu unyevu.”

“Karatasi ni kipimo kibaya,” daktari akakubali. “Lakini iko mbaya namna ileile kila mwaka. Sasa damu yako iko hapa. Na hapa ni muzuri.”

Aliandika. Mume wangu alitoka nje na kusimama uani kama mtu aliyeshushwa cheo. Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hatukuwa tunalifanya, naye hakuuondoa.

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, akivikunja na kuvikunjua vidole ili damu ishuke nyingi. Hakuwahi kuirudia alama yake ya zamani. Pilipili aliirudia, nyumbani kwa mama yake, akidhani sijui. Tulizaa watoto wengine wawili, akaendelea kutengeneza milango, na miaka yote ile choo chake kilibaki na rangi yake ya kawaida, ambayo sasa alinitajia kila asubuhi, bila kuulizwa.