Mwenzangu wa Mwambani

Shemeji yangu Kibwana alianza kupanda mwamba vibaya sana. Mara ya kwanza alianguka kabla hajafika hata kimo cha paa la nyumba, akavunjika bega, na dada yangu Siti, aliyekuwa mchumba wake, alicheka mpaka akakaa chini. Anayedhani mwamba wetu wa Mitole hupandwa kwa nguvu za mikono ni mjinga. Kibwana alikuwa mjinga huyo kwa miaka miwili. Kisha akajua kwamba mwili hubebwa na miguu, na vidole vikianza kufa ganzi usishindane navyo. Simama, tikisa mkono mmoja, pumua. Walipooana alikuwa akishuka na vibuyu viwili vya asali bila mchubuko.

Warina asali wa kwetu hawatajani majina wakiwa mwambani. Walisema nyuki wakilisikia jina lako watakufuata hadi nyumbani. Huko juu kila mtu huitwa mwenzangu. Walipanda wawili wawili, kwa hiyo neno lilitosha.

Vita vilipokuja tulikunywa ile dawa ya maji kama wengine, tukaambiwa risasi hazitatudhuru. Zilitudhuru. Askari wa Mdachi walichoma maghala ya mtama kijiji kwa kijiji. Asubuhi walipoonekana ng'ambo ya mto, Kibwana alifunga kamba kwenye mzizi juu ya mwamba na kuanza kuwapandisha watu kwenye pango alilolijua yeye. Mimi na Siti tulibaki wa mwisho, kwa sababu tulikuwa tukiwapitisha watoto. Moshi ulikuwa umeshafika shambani kwetu.

Siti alitangulia, nami nikafuata. Tulipofika katikati, mguu wangu wa kulia ulinasa kwenye ufa. Kibwana aliniona kutoka juu.

"Mwenzangu, achia mguu wa kulia! Ushushe!"

Siti alikuwa mtu wa kumsikiliza mumewe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa hewani, ukitafuta pa kukanyaga. Akaushusha wa kulia. Kamba ikamtoka mikononi, akanipita, nguo yake ikanigusa usoni.

Kibwana akasema tena, kwa sauti ileile: "Mwenzangu, achia mguu wa kulia."

Safari hii nilijua ni mimi, maana hapakuwa na mwingine. Nikauchomoa, nikapanda. Askari walikuja, wakasimama kidogo kumtazama Siti, wakaenda zao. Hawakutazama juu. Siku tatu pangoni sikulia, nikadhani ni njaa.

Njaa yenyewe ilikuja baadaye. Mwenzake Kibwana alikuwa amekufa vitani, nikasema nitapanda mimi. Watu walisema sana kuona mwanamke mwambani, nikawaacha waseme. Mwaka wa pili nilikuwa napanda vizuri, pengine kumshinda yeye. Sijisifu. Sikuogopa kwa sababu hapakuwa na kitu ndani yangu cha kuogopa.

Lakini neno lile, mwenzangu, Kibwana hakulitamka tena. Wazee walikasirika, nyuki walituuma mpaka nyuso zikavimba. Hakujali. Hata leo nikikwama huita bonde zima lisikie: "Ziada! Mguu wa kushoto, Ziada!"

Nami huushusha. Kisha hungoja kidogo kabla ya kupanda, nikisikiliza kama ataita na jina la Siti.