Upande wa Ndani wa Kiambaza

Fito za chumba kipya zilikuwa zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Fundi alizifunga mwenyewe, bila kuongea na mtu. Paa lilikuwepo, ila kuta zilikuwa uwazi mtupu, na wingu limeshatanda. Kesho binti yake angetoka hospitali na kichanga, na hawakuwa na pengine pa kulala. Mvua ya upepo ingeingia humo kama mwenye nyumba.

Sasa, kiambaza hakikandikwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje, mwingine ndani, wakabandika matonge ya udongo kwenye uwazi uleule kwa wakati mmoja, yakutane katikati yashikane. Miaka yote, wa ndani alikuwa mkewe. Hawakuambiana “haya” wala “tayari.” Mama huyo aliwasengenya majirani mmoja mmoja, na kila umbea ulipofika tamati, pa! matonge yalikutana.

Tangu wamzike mkewe, fundi hakulia. Alikula alichopewa, akalala alipoonyeshwa. Watu wakamsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza lolote, alikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Leo akabandika tonge akiwa nje peke yake, akasubiri. Likapenya, likaanguka ndani. Akabandika jingine.

“Shemeji,” ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa kaka wa marehemu, mtu asiyejua kunyamaza hata akinywa maji. “Unajenga ukuta au unapanda viazi humo?”

Fundi hakucheka.

“Niingie ndani?”

Fundi akachota tonge jingine.

“Shemeji, mvua haina adabu ya kusubiri. Na dada harudi.”

Fundi alitazama udongo mkononi. “Ingia.”

Shemeji akaingia, akachota tonge. “Utaniambia nibandike saa ngapi?”

“Huwa hatuambiani. Wewe ongea.”

“Niongee nini?”

“Msengenye mtu.”

“Nimsengenye nani, na mimi mgeni hapa? Basi naanza na wewe. Shemeji yangu ananuka kama beberu!”

Pa!

Tonge likashika. Shemeji akachungulia kwenye fito, macho yamemtoka. “Kumbe! Na anakoroma, nyumba nzima hatulali!”

Pa!

Manyunyu yalipoanza walikuwa wamebakiza ukuta wa mlango tu. Shemeji alikuwa amekauka sauti, machozi yakimchuruzika juu ya udongo wa mashavuni, na bado anatukana. Fundi akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Ulikuwa imara. Alingoja kama angesikia kitu moyoni, hakusikia.

“Hamia mlangoni,” alisema. “Na uendelee kuongea.”